Ndoo na boya: tangi la samaki linalojiongezea maji

Tangi lenye uso wa sentimita 60 kwa 30 likishuka sentimita moja tu, limeshapoteza lita 1.8. Na kinachopanda na mvuke ni maji matupu. Chumvi na madini yote hubaki ndani. Kwa hiyo hata tangi la maji ya bahari huongezewa maji yasiyo na chumvi. Ukiongeza ya chumvi, unazidisha kile ambacho hakikuondoka.

Njia ninayoipendekeza haitumii umeme. Ndoo inakaa juu ya tangi, maji yanashuka kwa uzito wake, na vali yenye boya linaloelea tangini inafungua maji yakipungua na kufunga yakijaa. Umeme ukikatika hakuna kinachoharibika.

Tafuta ndoo ya lita 10 yenye mfuniko, isiyopitisha mwanga ili mwani usiote. Ongeza vali ndogo ya boya ya robo inchi, ile ya kwenye mitambo ya kuchuja maji ya kunywa, mpira wa kupitishia maji wa robo inchi, koki ndogo, na kiungio chenye nati na raba. Vali iwe ya plastiki tupu. Zile kubwa za tangi la choo mara nyingi zina shaba, na shaba huua kamba na konokono.

Toboa ndoo sentimita 2 au 3 juu ya kitako, ili uchafu uliotuama usiingie kwenye vali. Pitisha kiungio kwenye tundu hilo, raba yake ikae upande wa ndani, kaza nati kwa mkono, jaza maji uache usiku mzima uone kama inavuja. Toboa na mfuniko tundu dogo la hewa. Bila tundu hilo, mfuniko ukibana sana maji hutoka kidogo kisha husimama, na watu huilaumu vali bure. Kitako cha ndoo kiwe angalau nusu mita juu ya boya. Chini ya hapo maji yanaweza kudondoka polepole mno.

Sasa jambo kubwa kuliko yote: vali ya boya siku moja itakwama wazi. Konokono atapanda juu yake, au chokaa kitaganda. Kinga yako ni kiasi cha maji unachoweka kwenye ndoo. Pima nafasi iliyobaki kati ya maji na ukingo wa tangi: sentimita 4 kwenye tangi lile la 60 kwa 30 ni lita 7.2. Basi usijaze ndoo zaidi ya lita 6, hata kama ina nafasi. Kwa maji ya bahari, piga hesabu ya pili: lita 6 zikimwagika kwa mpigo kwenye lita 100, chumvi ya gramu 35 kwa lita hushuka hadi karibu 33. Tangi likiwa dogo, punguza zaidi.

Kama tangi lako humwaga maji kwenye tangi la kuchujia chini yake, boya likae kule chini, kwenye chumba cha pampu. Juu maji hayashuki. Upungufu wote huonekana pale. Popote litakapokaa, lizungushie kipande cha chupa kilichotobolewa matundu kuzuia konokono.

Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi siku nzima kwanza. Ya kisima chenye magadi au chumvi usiyatumie kabisa, kwa sababu kila ndoo huongeza madini juu ya yaliyopo. Na kuongeza huku hakuchukui nafasi ya kubadilisha maji. Siku ya kubadilisha, funga koki kabla hujatoa hata kikombe, la sivyo ndoo yote itashukia tangini.

Kila mwezi toa vali, iloweke kwenye siki nyeupe kwa saa moja, suuza vizuri. Ukishairudisha, inua boya kwa kidole. Maji yasipokata papo hapo, badilisha raba yake au vali nzima.