Kwani limechoka?

Juzi kitindamimba wangu kaingia chumba cha kazi kutafuta mkasi wake wa karatasi (wake, sio wangu, wangu anajua akiugusa ni vita), akasimama mbele ya lile gauni la kijani lililotundikwa mlangoni, akaniuliza, mama, mbona hili halishuki? Nikamwambia limepumzishwa. Akasema, kwani limechoka?

Nilicheka, ila swali likaniganda maana gauni lenyewe ndo lilelile. Limerudi baada ya miaka 11.

Kipindi kile hata mwaka ulikuwa haujaisha tangu niache kushona chini ya mafundi wengine, na tayari najiita dizaina. Akaja mteja, mtu mzima, ana hela zake na ana macho yake, anataka gauni la hafla. Nikaona hapa ndo pa kujionyesha. Siku hizo nilikuwa nimelewa picha za Madeleine Vionnet, yule mama wa Kifaransa aliyetamba na nguo za kukata mshazari (yaani kukatiza nyuzi za kitambaa pembe kwa pembe) miaka ya 1920 na 1930, alikuwa anaanza kupangia nguo kwenye kidoli cha mbao na vitambaa anaagiza vipana kuliko kawaida ili mshazari umtoshe. Nguo zake zinateleza mwilini kama maji. Mie kidoli sina, kitambaa kipana sina, nina kiburi tu. Nikakata satini, kiwiliwili mshazari, chini sketi ya mduara mzima, nikashona mpaka saa 8 usiku na upindo nikaukunja palepale mezani, nikaupiga pasi ukanyooka kama rula, nikatundika nikalala usingizi wa watu wema.

Asubuhi mteja kaingia, wala sikuliangalia, nikafungua zipu nikamvisha. Kifuani limekaa, kiunoni limekaa, nikapiga magoti na pini zangu mdomoni nimalizie chini, hapo ndo macho yangu yakawa usawa wa pindo. Jamani. Limeshuka pembe nne, kama kitambaa cha meza umekitupia juu ya stuli. Mbele katikati limebaki pale nilipoliacha jana, nikisogea kidogo ubavuni limeshuka sentimita nne, tano, nikizunguka nyuma hivohivo. Nikarudi mbele nikitumaini nimeona vibaya. Nikavuta kidogo kwa vidole, likapanda, nikaachia, likashuka taratibu kama linanikejeli.

Sketi ya mduara ndo ilivyo. Pale nyuzi za kitambaa zinaposhuka wima zinashika, pale zinapokaa mshazari zinalegea na uzito wa kitambaa wenyewe unazivuta, kwa hiyo unalitundika kwanza walau siku nzima limalize kushuka, halafu ndo unapima kutoka sakafuni kwenda juu na kukunja. Fundi aliyenifunza alishaniambia, tena nilimsikia vizuri tu. Nikadhani ni mambo ya wazee.

Juu yangu nikasikia sauti, "Mdogo wangu, hapa chini ndo linavyotakiwa kuwa?"

Nina pini sita mdomoni. Nikazitoa moja moja, nazichomeka kwenye kile kimto cha mkononi, polepole, kila pini nanunua muda. Ya mwisho ilipoingia, mdomo ukajisemea wenyewe, "Ndio dada, ndo staili yenyewe."

Akajitazama kwenye kioo, akazunguka mara moja, satini ikapepea. Kimya. Halafu akasema, haya. Akalipa akaondoka nalo.

Yaliyofuata mnayajua, sirefushi. Wiki mbili tu watu wanakuja wanataka "lile la mawimbi chini", na mpaka leo nusu ya kazi zangu ni hizo pindo. Kichekesho ni kwamba kulifanya kwa makusudi ni kazi kuliko kulikosea, maana kila satini inashuka inavyotaka yenyewe. Na nikiulizwa ubunifu wangu unatoka wapi (naulizwa sana) najibu bila aibu, mawimbi ya bahari.

Sasa wiki tatu zilizopita dada yuleyule kaja na gauni kwenye mfuko, binti yake anataka kulivaa, anaomba nilinyooshe chini. Nikamwambia, dada, si ndo mtindo wenyewe huo? Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyejipaka unga usoni. "Mdogo wangu, siku ile niliona. Ila ulivyoinama pale na pini zako, nikasema ngoja nimwachie."

Akalivaa hivohivo, kichwa juu, mbele za watu. Sasa wale waliokuja baadaye walipenda pindo, au walipenda alivyolivaa yeye? Sijathubutu kumuuliza.

Kazi yenyewe haifiki saa moja. Pima kutoka sakafuni, chora chaki, kata, kunja. Miaka 11 satini imeshashuka yote ya kushuka, haina tena cha kupumzikia. Ila kila nikishika chaki nakumbuka kuna kitu jikoni.

Nikamwambia mtoto, ndio, limechoka kidogo.

Akaokota mkasi wake. "Basi si ulilaze?"