Sauti ya mama ndani ya simu yangu

Leo tumemaliza khitma ya arubaini ya mama yetu, na wageni walipoondoka nilibaki barazani nikisikiliza jumbe za sauti alizonitumia WhatsApp, nyingi zikiwa za mambo ya kila siku: kama nimekula, kama nimeswali, kama mvua imenyesha huku nilipo.

Mpwa wangu, anayesomea kompyuta, aliniambia kwa upole kwamba programu za akili mnemba zinaweza kujifunza sauti ya mtu kwa sampuli ya sekunde chache tu, kisha zikatamka maneno ambayo mwenyewe hakuwahi kuyasema. Mwaka 2020 televisheni moja ya Korea Kusini ilimwonesha mama akikutanishwa, kwa miwani ya kompyuta, na taswira ya binti yake aliyefariki akiwa na umri wa miaka 7. Simlaumu mama yule hata kidogo, aliyezika anajua.

Hata hivyo, mpwa wangu nilimkatalia kuitengeneza sauti ya mama kwa namna hiyo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha na mtoto mwema anayemwombea dua. Hilo la tatu ni jukumu langu, nami nahofia kwamba nikizoea kujibiwa na mashine kwa sauti yake, nitasahau kumwombea.

Jumbe zenyewe sitazifuta. Wa mwisho ni wa sekunde 6: “Mwanangu, ukifika nijulishe.” Nilifika salama, nikapitiwa, sikumjulisha.