Mivule ya Muheza: hatimaye imevuka bega

Imevuka. Mivule iliyo katikati ya migomba, upande wa bondeni, imepita urefu wa bega langu na ncha zake ni kijani kitupu. Ile ya mstari wa juu, niliyoiacha juani makusudi ili nipate cha kulinganisha, bado iko magotini. Imechipua, imekauka, imechipua tena, na sasa kila mche una vishina vitatu vinne visivyojua kipi kiende juu.

Anayepanda mvule ukanda huu anamjua adui: Phytolyma, kidudu cha milimita chache, ukimtazama kwa lenzi unamwona kama nyenje aliyesinyaa. Kitalu kinaweza kuwa kizuri mpaka watu wakakupongeza, halafu ukifika baada ya mvua chache unakuta majani ya juu yamejaa vivimbe. Nimevipasua vingi kwa wembe. Utomvu mweupe unatoka kwanza, ukiupangusa unamwona mwana wa mdudu amejikunyata katikati ya nyama laini ya jani, amejengewa nyumba na mti wenyewe. Kivimbe kikipasuka mdudu mzima anaruka zake, na kidonda alichoacha kinaingiwa na ukungu. Ncha inaoza, inashuka kuoza mpaka ikutane na sehemu iliyokwisha kukomaa kuwa mti. Mche haufi. Ungekufa ningejua moja. Unachipua upya, na machipukizi yale laini ndiyo anayoyataka.

Dawa? Nimepulizia mwarobaini mpaka shamba zima likanuka uchungu. Haufiki, kwa sababu mlengwa yuko ndani ya jani, amefunga mlango. Dawa inayonywewa na mizizi ilisaidia kidogo, kisha ikaisha nguvu, na bei yake si ya mtu anayeishi kwa mshahara wa bwana misitu. Isitoshe jirani yangu ana mizinga. Sitaki kesi ya nyuki.

Kilichofanya kazi ni kuuficha. Huko Ghana watafiti wameliandika hili siku nyingi: mvule ukipandwa mmoja mmoja, mbalimbali, chini ya kivuli cha miti mingine, mashambulizi yanapungua. Shida ni kwamba mvule unapenda jua. Kwenye kivuli kizito mdudu haupati mche, lakini mti nao haukui, unabaki mwembamba kama fito. Kwa hiyo kazi yote imekuwa kupima mwanga. Nilianza na migomba pande mbili na mgirisidia, mti wa kivuli, upande wa magharibi. Kila mche ulipotoa majani mapya magumu, nilipunguza jani moja la mgomba, si mawili. Pale nilipofungua haraka, vivimbe vilitokea ndani ya wiki ile ile. Pale nilipochelewa, mche uliinama kutafuta tundu la mwanga. Sasa naangalia rangi ya jani la tatu kutoka juu: likiwa kijani kilichokolea, nakata jani la mgomba, likiwa jepesi na linang'aa, naacha.

Na mkasi wa kupogolea uwe mkali jamani. Vijana wangu wanapenda panga kwa kila kitu, hata kuchagua chipukizi la kubaki. Panga linachana ganda, na ganda lililochanwa kwa mvule ni mwaliko wa ukungu. Viriba navyo, vile vyeusi vyembamba vya sokoni, vinazungusha mzizi kabla hujageuka. Afadhali kuotesha tutani na kupanda visiki, yaani miche iliyopunguzwa shina na mizizi, kama tunavyofanya kwa mitiki.

Mitiki ndiyo iliyotuharibu macho, kusema kweli. Ukikulia karibu na Longuza, shamba la mitiki la serikali, unaona msitu ni mistari. Mtiki unakubali mstari, unakubali jua, unakubali kupandwa peke yake, na mbao yake ina soko. Sina ugomvi nao. Lakini ukiuhamishia mvule mpango ule ule, umemtandikia Phytolyma mkeka. Mivule mikubwa iliyobaki Muheza haikupandwa na idara yoyote. Popo walikula matunda, wakadondosha mbegu, ikaota kwenye shamba la mtu katikati ya minazi na michungwa, na mtu huyo akaipalilia pembeni akaiacha. Ni wakulima wa Kibondei waliotunza mvule, wengine kwa heshima ya mizimu. Mzee mmoja aliponiona napima shina shambani kwake aliniuliza, "Bwana misitu, umebisha hodi?" Nikabisha hodi, ndipo nikazungusha tepu.

Siku hizi wengi wanaung'oa ungali mdogo. Hofu yao ni kibali: mti ukishakuwa mkubwa utakuwa wa serikali, wao wabaki na kivuli na kuzungushwa ofisini. Tunahimiza kupanda huku mkulima anang'oa bure kilichojiotea. Kule milimani, Usambara Mashariki, ukataji wa mashine ulisimamishwa miaka ya 1980 na Amani ikawa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Ni sawa kabisa. Ila mvule wa huku chini uko mashambani, na hakuna lango la hifadhi litakaloulinda.

Nilipanga masika haya nipunguze mitiki yangu na kupima ujazo. Haitakuwa. Greda lilipita barabara ya kijiji likakata mizizi ya mvule mkubwa, na kila penye jeraha pametoka machipukizi. Yako juani, hakuna mgomba wala chochote. Mengi yana vivimbe kama kawaida, lakini mzizi wa mvule wa pili, hatua chache tu mbele, umetoa machipukizi safi kabisa. Mdudu yupo, chakula kipo, na hakigusi. Nimechukua vipande vya mzizi ule, unene wa kidole gumba, nimevilaza kwenye mchanga, na vya mti wa kwanza kando yake kwa kulinganisha. Vikichipua, vyote vinapelekwa kwenye ule mstari wa juu, juani, bila kivuli wala dawa.