Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa hesabu na namba 4,294,967,297

Saa kumi na moja alfajiri nishaamka, saa moja kasoro niko getini na zamu yangu, mstarini, usafi, vipindi vya fom wan vinapita salama. Watu wanadhani mwalimu wa hesabu anamwaga fomula ubaoni anaondoka zake. Njooni saa tano.

Saa tano ni kidato cha pili, vipindi viwili mfululizo, bati limeshapata moto. Naandika 4,294,967,297, yaani 2 kipeo cha 32 ukajumlisha 1. Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa miaka ya 1600, aliona wadogo zake wa umbo hilohilo, 3, 5, 17, 257 na 65,537, wote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe, akaamini na hii ni tasa. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati Mswisi, akaipasua, na hakujaribu ovyo, alionyesha kwamba namba tasa yoyote inayoigawa hii, ukiigawa yenyewe kwa 64 lazima ibaki 1. Kwa hiyo unajaribu 193, 257, 449, 577, zinagoma, halafu 641, hiyo inakubali.

Sasa gaweni kwa mkono. Sauti ya nyuma, "Mwalimu, hii inatoka kwenye mtihani?" Hilo swali linanichosha kuliko vumbi la chaki, nasema ukweli.

Wanaanza vizuri, 4294 inaingia 6, baki 448, shusha 9, inaingia 7, baki 2. Hapo ndipo darasa linapoanguka. Shusha 6 unapata 26, haitoshi, andika sifuri, shusha 7 unapata 267, bado haitoshi, sifuri nyingine, ndio ushushe 2. Nusu ya darasa wameruka sifuri zote mbili wamepata 67,417 na wanashangilia, napita dawati kwa dawati naonyesha palepale, nikifika dirishani wa mlangoni wameshafuta wameandika tena vilevile, na kijana mmoja anabisha kabisa, mwalimu sifuri si kitu kwa nini niiandike, shati limenilowa mgongoni namwambia basi zidisha jibu lako kwa 641 uone kama unarudi tulikotoka. Anazidisha taratibu, anapata milioni 43 na kitu. Tulianza na bilioni nne. Akanyamaza, akarudisha sifuri zake mwenyewe, 6,700,417, baki hakuna.

Kengele ilishalia kitambo, mwalimu wa kipindi kinachofuata yuko mlangoni na madaftari yake na wao bado wanabishana kama hiyo 6,700,417 nayo inapasuka. Haipasuki, ni tasa, ila sikuwaambia, wakahangaike nayo nyumbani.

Mchana sijui ulivyoisha, kikao, kusahihisha, daladala nimesimama. Usiku huu miguu inawaka moto lakini naandaa somo la kidato cha nne, hao nataka wathibitishe kwamba 641 inaigawa namba yetu, bila kugawa kabisa, maana 641 ni 5 mara 128 jumlisha 1, na hiyohiyo 641 ni 625 jumlisha 16, mlango uko hapo.