Siku Saddle ilipotaga mayai

Kama na wewe unakwama kwenye "lie" na "lay" za Kiingereza, usimlipe mtu. Mimi nililipa, elfu hamsini na kitu hivi, kozi ya jioni hapa Moshi, nikatoka na kanuni moja niliyoitunza kama leseni: "lie" ni ya watu, "lay" ni ya vitu na kuku. Mwalimu alisema kwa kujiamini, sisi tukaandika.

Kazi yangu ni kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, zaidi njia ya Marangu. Msimu mmoja nikapata mama kutoka Uingereza, mwalimu mstaafu, mpole, hana haraka, aina ya mgeni tunayemwombea. Siku ya kuzoea hewa pale kwenye vibanda vya Horombo, mita 3,720, nikampeleka kwenye miamba ya Zebra Rocks, tukasogea juu kidogo hadi kilele cha Kibo kikajitokeza. Nikanyoosha fimbo kama profesa kuelekea Saddle, uwanda ulio kati ya Kibo na kilele cha Mawenzi: "The Saddle lays between Kibo and Mawenzi."

Mama akasimama. "Lays what?"

Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, nikidhani ni upepo. Akaniuliza taratibu: imetaga mayai mangapi? Msaidizi wangu, ambaye Kiingereza chake chote ni "water" na "tip", ndiye aliyecheka kuliko wote.

Jioni kichwa kikamgonga mama. Tukampa maji na supu, nikamlaza, nikaiandikia ofisi. Safari hii nikajihami: mgeni ni mtu, basi ni "lie", na ya jana ni "lied". Nikatuma: "Guest tired. I lied her in the hut." Mtandao kule huja na kuondoka, ila siku hiyo, kwa bahati mbaya, ulikuwepo. Simu ikaita kabla sijamaliza chai.

"Umemdanganya nini mgeni?"

"Sijamdanganya mtu, bosi."

"Umeandika mwenyewe! Ni habari ya hela?"

Dakika kumi nzima naapa, salio la watu linateketea. Nilipokata simu, mpishi akanidakia: "Kaka, umemlaza kichwa upande wa mlango, baridi yote ni yake. Mlaze huku, atalala vizuri."

Mlaze, atalala. Nikabaki na kikombe mkononi. Kumbe Waingereza nao wana lala na laza! "Lie" ni kulala, iwe mtu, iwe jiwe, iwe Saddle yenyewe katikati ya vilele viwili. "Lay" ni kulaza, lazima kiwepo cha kulazwa, hata akiwa mtu. Hata kuku hajavunja sheria, mayai ndiyo anayoyalaza. Elfu hamsini yangu ilikwenda bure, mpishi kanifundisha kwa kunigombeza.

Asubuhi kichwa kimemwachia, nikamweleza mama. Alifurahi mpaka akatoa daftari akaniandikia ndugu zao: "rise" na "raise", inuka na inua, "sit" na "set", keti na ketisha, "fall" na "fell", anguka na angusha, hasa kwa mti. Akasema ni mabaki ya zamani sana: wao waligeuza irabu ndani ya neno, sisi tunabadilisha mwisho wa neno. Mimi napandisha, yeye anapanda. Hapo Kiswahili hakikunidai ada.

Pabaya ni jana. "Lie" ya jana ni "lay", na "lay" ya jana ni "laid". Nani aliyepanga hivyo, sijui alikuwa amekunywa mbege ya wapi. Hapa ujanja wa lala na laza haukuokoi, kariri tu. Mimi nilikariri wakati wa kushuka hadi Mandara, neno moja kila hatua, magoti yakilia: lie, lay, lain (hii ya tatu hufuata "have"), kisha lay, laid, laid. "Lied" ni "alidanganya", iache kwa waongo, haina kitanda. Nikikuta "lay" kwenye maandishi nauliza "nini?" Jibu likiwepo, kuna kilicholazwa. Lisipokuwepo na habari ni ya jana, mtu alilala zake.

Mama mwenyewe alikiri kwamba wajukuu wake husema "lay down" kila siku wakienda kujinyoosha, na hakuna anayewakamata. Kwa mdomo utapita. Kuandika ndiko kunakoumbua.

Ofisini, kila nikishuka na kundi, bado wananipokea na swali lile lile: "Safari hii umedanganya wangapi?"