Ufito wa Mtera uliokaukia bafuni

Kazi yangu ni kusuka mota. Pampu za visima, feni, mashine za kusaga, kila kilichoungua kinaletwa kibandani kwangu Chang'ombe hapa Dodoma. Natoa waya wa zamani, nahesabu mizunguko, nasuka upya, napaka vanishi, nakausha. Naanza na hilo kwa sababu bila mikono ya kusuka waya huu ufito wa kuvulia samaki nisingeuweza.

Jioni nikifunga kazi huwa naangalia video za Wamarekani wakivua samaki wao, besi. Mwanangu wa mwisho alinisikia nikimtaja akauliza ni basi gani hilo linalokaa majini. Kwenye bwawa letu la Mtera samaki huyo hayupo. Naivasha kule Kenya ndiko alikopandikizwa tangu mwaka 1929. Mimi sikuvutiwa na samaki mwenyewe, nilivutiwa na mahali wanapomvulia: katikati ya visiki na magugu, ambako mtu wa nyavu hathubutu. Aliyewahi kupita barabara ya Iringa akakatiza Mtera anajua ninachosema. Miti iliyozama bwawa lilipojaa, miaka ya themanini inaanza, mingi bado imesimama majini mikavu, myeupe kama mifupa. Wavuvi wanaikwepa isije ikawachania nyavu. Nikasema, basi kambale wakubwa wamejificha humo.

Ufito wa kwanza niliutengeneza kwa mwanzi wa Iringa, ule wa kugemea ulanzi. Kosa. Mwanzi ule ndani umeshiba, karibu hauna tundu, na uzito wake unausikia mpaka begani. Sasa hivi unaanikiwa nguo.

Wa pili niliukuta mnada wa Msalato, Jumamosi, kwenye rundo la mitumba, umelala kati ya raketi za tenisi. Ufito wa faiba, ncha imevunjika, pete za kupitishia mshipi zimeliwa na kutu. Muuzaji alidhani ni antena ya redio kubwa, akaniachia kwa elfu nane. Nikakata ile ncha iliyopasuka, kama shubiri moja, ukabaki futi sita na nusu. Ufito ukifupishwa nchani unakuwa mgumu, haukunjiki ovyo. Kwa bwawa wazi ningesikitika, lakini kwa visiki nilishukuru. Samaki akishika, una sekunde mbili tatu za kumtoa kabla hajazungusha mshipi kwenye mti. Ufito unaolegea kama mjeledi utamwacha aende anakotaka.

Kabla ya kufunga chochote unatafuta mgongo wa ufito. Faiba inapoviringwa kiwandani huwa na upande mmoja mgumu kuliko mwingine. Unasimamisha ncha mezani, unaukunja kidogo katikati kwa kiganja, kisha unauzungusha taratibu kwa vidole. Utafika mahali utaruka wenyewe, tik, na kutulia. Hapo nikachora alama kwa chaki. Pete ukizifunga kombo na mgongo huo, ufito ukielemewa unaweza kutaka kujipindua mkononi. Wapo mafundi wanaosema jambo hili linakuzwa mno, la maana ni unyoofu tu. Mimi nimezoea rota, ile sehemu ya mota inayozunguka, na kitu kinachozunguka pasipo mizani huwa hakinipi usingizi.

Pete nilizikunja kwa spoki za baiskeli, nikazichomelea kwa risasi. Kuzipanga, nilizishikiza kwanza kwa vipande vya mpira wa tyubu, nikapitisha mshipi, nikafunga nchani mfuko wa chumvi wa kilo moja. Mshipi ulitakiwa ufuate mkunjo wa ufito. Pale ulipokata kona kali ujue pete ni chache. Nilisogeza na kuongeza mpaka zikafika saba, bila kuhesabu ya nchani. Mpini ni malapa. Usicheke, hata fito za dukani nyingi zina mpini wa sponji ya aina hiyohiyo. Nilikata miduara kwenye soli za malapa ya zamani, nikatoboa katikati kwa chuma cha moto, nikaivisha mmoja baada ya mwingine kwa gundi, nikasugua kwa msasa. Mpini ukatoka na mistari ya bluu na nyeupe.

Kusuka uzi kwenye miguu ya pete kulinichukua jioni moja. Uzi wa cherehani, mzunguko ubavuni mwa mzunguko, usiachie nafasi wala usipande juu ya mwenzake. Mwisho wa uzi unapitishwa kwenye kitanzi kilichofichwa chini ya mizunguko ya mwisho, unavuta, unamezwa ndani. Kazi ya kila siku hiyo, ila shaba imekuwa uzi.

Kilichonitesa ni gundi ya kupaka juu ya uzi. Ile ya mirija miwili inayoshika kwa dakika tano iliganda nikiwa pete ya tatu. Nikatafuta ya saa ishirini na nne, nikachanganya kwa macho, ikabaki inanata siku nne kwa sababu vipimo havikulingana. Nikaenda famasi kununua mabomba mawili ya sindano, moja la gundi, jingine la kigandishi, nusu kwa nusu. Isichuruzike, nikafunga ufito kwenye mota ya kuzungushia sahani iliyotoka kwenye maikrowevu bovu la mteja: mizunguko mitano au sita kwa dakika, polepole kama mshikaki. Ilizunguka vizuri kabisa, na asubuhi nikakuta ufito wote una ngozi ya vumbi jekundu. Ilikuwa Agosti, na upepo wa Dodoma wa Agosti mnaujua. Hata dirisha likifungwa vumbi linapata njia.

Nikakwangua, nikarudia bafuni. Nilimwaga maji sakafuni na ukutani, nikaziba chini ya mlango kwa khanga mbichi, nikawasha mota saa tatu usiku. Mama watoto aliuliza watu wataoga wapi, nikamwambia kesho. Sitaeleza zaidi. Gundi ilitoka inang'aa kama kioo.

Siku chache nilijizoeza kurusha pale bwawa la Hombolo, kisha nikaenda Mtera, kama kilomita 130, nikiwa na leseni mfukoni. Nilivuka upande wa Migoli nikamkodi mzee mmoja mwenye mtumbwi, maana bwawa lile lina mamba na viboko, siyo la kuingia kwa miguu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hicho kijiti ni cha nini?"

Nilimweleza mtindo wa Texas. Chubwi, kile kizito cha kuzamisha ndoana, yenye umbo la risasi ya bunduki inateleza kwenye mshipi juu ya ndoana. Mnyoo wa plastiki unavishwa kuanzia kichwani, ndoana inageuzwa, ncha yake inarudishwa kujificha tumboni mwa mnyoo. Ukipita kwenye visiki haikwami, na samaki akiuma unavuta kwa nguvu, ncha inatoboa na kutoka. Babu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha saa tatu nzima akanitazama nikirusha nisipate kitu.

"Kambale hali kwa macho," akasema. "Anakula kwa sharubu. Hiyo plastiki yako inanuka nini?"

Akatoa sabuni ya mche, akakata kipande mfano wa kidole, akanipa. Nilikuwa nimesikia watu wakivua kambale kwa sabuni, ila kwa mtindo wa Texas sijaona popote. Kumbe inafaa kuliko plastiki: ncha inazama ndani, sabuni inaachia harufu kidogokidogo majini, na ukivuta inapasuka yenyewe. Nilirusha ubavuni mwa kisiki, nikaacha chubwi ikae chini, nikavuta kidogo, nikaacha. Mshipi ukatembea kuelekea pembeni.

Nilivuta. Ufito ukajikunja, mgongo ukakaa palepale nilipochora chaki. Kisha nikasikia tak, pete ya tatu ikachomoka na uzi wake, mshipi ukasugua faiba, ukakatika. Babu hakusema kitu, akachukua kasia.

Nyumbani nilikagua lile jeraha. Miguu ya spoki nilikuwa nimeikata butu, hivyo uzi ulipofika pale ulipanda kama ngazi na chini yake kukabaki uwazi ambao gundi haikuujaza. Mguu wa pete unapaswa kuchongwa kwa tupa hadi uwe mwembamba kama ukucha mwishoni, uzi uupande bila kujua kwamba unapanda. Na kitu kingine: nilipitisha pamba ndani ya pete, ikanasa nyuzinyuzi kwenye pete mbili, maana yake zilikuwa na makwaruzo yaliyokuwa yakikwangua mshipi siku nzima. Tatu za chini nikabadilisha kwa pete zenye kauri ndani, nilizoagiza Kariakoo. Nne nilizisugua kwa msasa laini mpaka pamba ikapita. Bafu likafungwa tena, usiku mbili.

Safari ya pili, kipande cha nne cha sabuni, kambale wa kilo mbili na nusu hivi akaingia mtumbwini. Pete zote saba mahali pake. Babu aliushika ufito kwa mara ya kwanza, akaukunja, akachungulia ule uzi akiugeuza juani.

"Nitengenezee wangu," akasema. "Mpini uwe mrefu, na uzi uwe mwekundu."

Sasa hivi natafuta malapa mekundu.