Boksi lilikufa, diski ilikuwa hai: nilivyozitoa harusi za watu kwenye NAS iliyoungua

Kuna fundi mmoja Kariakoo namdai msamaha mpaka leo. Nilimpelekea diski yangu, akaishika akaitikisa sikioni kama mtu anachagua dafu, alafu akaniambia kaka hii imekufa, data hamna, ila kama una laki nane naweza kujaribu kukubadilishia bodi, garantii hamna. Nikamuuliza kama imekufa hiyo laki nane ni ya nini, ya mazishi? Akacheka. Nikaondoka nayo kwenye mfuko wa rambo, na saizi mafaili yote ninayo isipokuwa video mbili ntazisema huko mbele.

Mimi napiga picha na video za shughuli, yani harusi, send-off, kipaimara, maulidi, na misiba pia maana msiba nao siku hizi una video. Kazi zote nilikuwa naweka kwenye NAS, lile boksi jeupe linachomekwa kwenye ruta nyumba nzima mnaona mafaili, nililinunua mkononi kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Ndani diski moja tu, terabaiti 2. Na mimi mjuaji nilikuwa nikimaliza kuhamishia kazi humo nafuta kwenye laptopu ili nipate nafasi, watu wakiniuliza bakapu unafanyaje nawaonyesha boksi kwa kidole. Bakapu ya nini sasa, ndo ilikuwa kopi yenyewe ya pekee.

Siku ya tukio umeme ulikatika ukarudi, ukakatika ukarudi, mara ya tatu ukarudi kwa hasira, taa ya sebuleni ikawaka nyeupe kuliko siku zote alafu kikasikika ki-pa! na harufu ile ya plastiki. TV nzima, friji nzima, ruta nzima. Boksi kimya. Nikaazima adapta nyingine ya volti 12, kimya vilevile.

Kabla sijaendelea, shemeji yangu. Huyu ana jibu la kila kitu. Akasema diski ikigoma unaifunga kwenye nailoni unaitia kwenye friza usiku mmoja, aliona mtu amefanya. Jamani msifanye huo ushamba. Diski za kawaida zina katundu kadogo ka kupumulia, hewa ya ndani ikipoa sana alafu ukaitoa kwenye joto la Dar unyevu unaganda juu ya sahani za ndani zenye data, na kile kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unywele mara nyingi sana. Ukiiwasha hivyo umeikwangua mwenyewe. Na kwa taarifa yake diski haikuwa na shida ya kuzunguka, kilichoungua ni ubao wa boksi, ila shemeji ukimuuliza tofauti ya boksi na diski anakwambia ni kitu kimoja.

Boksi halina skrubu kwa nje, ni vibano vya plastiki, nilitumia kadi ya benki iliyokwisha muda. Nikanunua doki ya kuchomekea diski, elfu hamsini na kitu, nikachomeka kwenye laptopu ya Windows. Diski ikazunguka vizuri! Nikaanza kushangilia. Alafu Windows ikaniletea ujumbe kwamba ili utumie diski hii lazima uifomati, je ungependa kuifomati? Nikafunga, ukaja mwingine, nikafunga, ukaja mwingine, maana diski yenyewe ilikuwa imegawanywa vipande vinne na kila kipande Windows inakiulizia. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kukubali wallahi, mke wangu ndo alipita na chai akasema si uliambiwa ukifomati kunafutika? Hiyo chai ndo ilookoa harusi za watu.

Basi nikajifanya mtaalamu, nikashusha programu ya bure inaitwa PhotoRec. Programu yenyewe sio mbaya ila inachofanya ni kupita diski nzima ikitafuta kitu chenye sura ya picha au video na kukitoa, haiangalii folda wala majina. Siku mbili inasaga. Nikaja kufungua nikakuta maelfu kwa maelfu ya picha zinaitwa f na namba ndefu. Picha ya kwanza bi harusi anakata keki, ya pili jeneza linashushwa, ya tatu nembo ndogo ya programu fulani, ya nne mtoto wangu anakunywa uji, ya tano bi harusi mwingine. Nikakaa jioni nzima napanga, hii gauni ni ya nani, hili turubai ni la Temeke au la Kibaha? Nilitoa picha kama mia tatu nikagundua nimemweka marehemu kwenye folda ya harusi ya mjane wake. Video ndo kabisa, kubwa zilikuwa zimehifadhiwa vipande vipande kwenye diski na programu inadhani zimenyooka, zikawa zinacheza dakika mbili zinageuka rangi ya kijani.

Nikampigia mpwa wangu anasoma Dodoma mambo ya kompyuta. Shikamoo mjomba, marahaba, nikamweleza. Akasema mjomba mbona hiyo diski haina kosa, boksi lako ndani lilikuwa linaendesha Linux, mfumo mwingine kama ilivyo Windows, na Windows haijui kusoma lugha hiyo ndo maana inadhani ni tupu. Tafuta Ubuntu, ni Linux ya bure, iweke kwenye flashi, washa laptopu kwa flashi hiyo bila kuinstoli. Alafu akauliza, mjomba umeisaga siku mbili? Ndio. Akanyamaza. Akasema usiisage tena, ikopi yote kwanza kama ilivyo, alafu uhangaike na kopi, diski yenyewe uiweke kabatini.

Ikabidi ninunue diski ya nje ya terabaiti 4, laki tatu na nusu na ushee, kwa sababu unahitaji nafasi ya kopi nzima terabaiti 2 alafu tena nafasi ya kutolea mafaili. Ile inayopata umeme wake kutoka kwenye waya wa USB, hiyo ni muhimu mtaona. Programu ya kukopi inaitwa ddrescue, kwenye Ubuntu paketi unayoinstoli inaitwa gddrescue lakini amri unaandika ddrescue, mimi hapo tu nilipoteza saa nzima. Uzuri wake ikikuta sekta mbovu, yani kasehemu ka diski kasikosomeka, haing'ang'anii, inaruka inaenda kuchukua vizuri kwanza, baadae ndo inarudi kwenye vibovu. Na inaandika ramani ya ilikopita kwenye kafaili kadogo, hata ukizima katikati ukiirudisha na ramani ileile inaendelea pale ilipoishia.

Nikabandika plasta juu ya kila diski, moja nikaandika MGONJWA nyingine MZIMA, maana kwenye amri zinaitwa sdb na sdc na ukizichanganya unaweza kuziharibu harusi za watu. Nilisoma ile amri kama mara ishirini kabla ya kubonyeza.

Sasa sikia ujinga wangu. Laptopu yangu ina USB ya zamani, spidi kama megabaiti 30 kwa sekunde, piga hesabu terabaiti 2 ni karibu saa 19 ikienda bila kusimama. Ikatembea saa 11. Umeme ukakatika. Doki ikazima palepale maana inatumia adapta ya ukutani, laptopu nayo betri yake ni ya kuazima pumzi, kabla sijapata hata mshumaa imezima. Nikasema poa, ramani ipo. Umeme uliporudi nikawasha, natafuta ramani, haipo! Kumbe nilikuwa nimeiweka kwenye skrini ya mwanzo ya ile Ubuntu ya flashi, na ile Ubuntu inaishi kwenye memori ya muda, ukizima kila kitu kinaondoka na upepo. Saa 11 zangu zimeenda na maji. Nilikaa nimeshika kichwa mke wangu akadhani kuna msiba.

Ramani weka kwenye diski ileile MZIMA. Nimesema.

Lakini umeme wiki ile ulikuwa haueleweki na mgonjwa hapendi kuzimwa na kuwashwa. Hapa ndo nilipata akili ambayo mpaka leo najipigia makofi. Doki inahitaji volti 12. Jirani yangu ni dereva bajaji, anapaki ukutani kwangu kila usiku. Betri ya bajaji ni volti ngapi? Nikamgongea. Akauliza mara tatu kama niko serious. Tukakubaliana betri naichukua akirudi usiku na alfajiri saa kumi na moja iwe imerudi kwenye bajaji, na chai na chapati juu yangu.

Nikampelekea fundi redio wa mtaani ile adapta ya doki, akakata waya wake akatia klipu mbili na fyuzi katikati, akanipimia na mita kwamba chanya ndo iko katikati ya kichomekeo, hapo usikisie, ukigeuza unaichoma doki na pengine na diski. Betri yenyewe ikapima 12.6, safi kabisa. Dereva akashauri tuwashe bajaji iungurume iwe inachaji humo humo, nikamwambia ndugu yangu ikichaji inapanda mpaka 14 na zaidi, hii diski imeshaonja umeme wa hasira mara moja inatosha. Kwa hiyo betri kavu kavu, bila chaja, juu ya stuli sebuleni, diski imelala juu ya kipande cha kigae, feni ya meza inaipuliza, na laptopu, ambayo ndo inailisha MZIMA kwa waya wa USB, nayo niliazima betri nzima kwa mtu. Watoto wakaambiwa atakayepita hapo kwa kukimbia atalala nje.

Usiku wa kwanza ilitembea mpaka saa kumi na nusu, nikasimamisha mwenyewe kwa adabu, ramani ikabaki. Umeme ukatoka tena mara mbili usiku ule wala sikunyanyuka kitandani, nasikia tu kule sebuleni vuuum. Mchana diski inapumzika betri iko barabarani inabeba abiria. Usiku wa pili, wa tatu, imekwisha. Nikaipa raundi ya kurudia sekta mbovu mara tatu, mwisho ikabaki kama megabaiti 3 tu hazisomeki kati ya terabaiti 2 nzima.

Nikadhani nimemaliza. Nikaifungua ile kopi, ambayo ni faili moja kubwa, kwa losetup, amri ya kulifanya faili lionekane kama diski, vipande vinne vyote vikaonekana, cha nne ndo kikubwa chenye mali, najaribu kukifungua, inakataa! Naangalia sababu kwenye dmesg, yani kumbukumbu za mfumo, nakuta imeandika bad block size 65536. Nilisoma nikahisi yule fundi wa Kariakoo ananicheka huko aliko.

Mpwa ndo alijua. Lile boksi prosesa yake ni PowerPC, sio ya aina ya laptopu zetu, na waliolitengeneza waligawa diski kwa bloki za kilobaiti 64. Laptopu ya kawaida memori yake inagawiwa kurasa za kilobaiti 4, na kerneli, yani kiini cha ile Linux niliyokuwa nayo, haikubali bloki kubwa kuliko ukurasa wake. Yani ni kama mzigo mzima uko mlangoni ila mlango mwembamba. Data haina hata mkwaruzo! Mtu asiyejua hapo anarudi kusema imekufa.

Dawa yake ni kutopita mlangoni. Kuna kifaa cha programu kinaitwa debugfs, kinakuja na Ubuntu yenyewe, hicho kinasoma diski kivyake bila kuitegemea kerneli ifungue. Unakiambia tu rdump, folda hii ipeleke kule. Mimi niliandika hivi:

sudo debugfs -c -R 'rdump /shares /media/ubuntu/MZIMA/kazi' /dev/loop8p4

Namba ya loop kwako itakuwa nyingine, na hiyo folda ya kazi uitengeneze kabla. Hiyo -c maana yake isiguse kitu isome tu. Nikabonyeza, hamna kilichotokea, haiandiki asilimia wala nini, imekaa kimya nikadhani imeganda. Nikafungua folda kwa upande wa pili nikaona "Harusi Mbagala", "Send-off Kibaha", "Maulidi", majina yangu mwenyewe yanajitokeza moja moja. Niliamsha nyumba nzima. Shemeji nilimtumia picha ya skrini bila neno lolote.

Vilivyoharibika ni video mbili, moja ni ya mtihani wa kuendesha gari hata sijui nilimpigia nani, nyingine inaganda sekunde chache pale MC anapotambulisha kamati. Sijasikia aliyelalamika.

Kilichokuwa kinaniuma zaidi ni harusi moja ambayo mama wa bi harusi alikuwa ananipigia kila siku baada ya swala ya alfajiri, nimemdanganya mpaka nimeishiwa uongo, mara nahariri, mara kompyuta iko kwa fundi. Nikampelekea mwenyewe kwenye flashi mpaka kwake. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, akachomeka kwenye TV, akaangalia mwanzo mpaka mwisho anapangusa macho. Alafu akageuka.

"Na za send-off?"

"Mama, send-off hamkunipa mimi, mlimpa yule kijana wa Tabata."

"Enhee, na yeye anasema kimashine chake kimeungua na umeme. Nimempa namba yako."

Sijafika hata kituoni, simu ikaita, namba ngeni.